Kalibu na Kaliba

Fomu ya Hostetter ni ukurasa mmoja.
Mti wa kitako: mjozi.
Urefu wa mtutu: inchi arobaini na mbili.
Mtambo: gumegume, kama za kale.
Halafu kisanduku kisichotosha hata kidole gumba:
Kaliba.
Leo siku ya tisa, kiko wazi.

Burdette Kinsinger, aliyekuja kula maharagwe yangu,
aligonga meza. "Hamsini! Kila mtu hamsini.
Risasi zake utazipata hata kituo cha petroli."
Nduguye akataka hamsini na nne, kwa ajili ya dubu.
"Dubu gani?"
"Dubu yeyote."
Na hesabu yake haikuwa ya kijinga:
kwa mtutu wa unene uleule,
tundu likipanuka, chuma kinapungua,
kubwa kwa jina ikawa nyepesi begani.
Nina miaka sabini na moja. Bega lilimsikiliza.

Usiku nikashuka chini ya nyumba, kwenye kopo la kahawa.
Mawe mawili ya gume. Kitambaa kilichokauka mafuta.
Na kalibu ya marehemu baba,
koleo la chuma lenye kinywa kimoja, bila namba.
Gobore lenyewe liliuzwa
mwaka kiwanda cha ngozi kilipofungwa Pennsylvania yetu hii ya juu;
likageuka jozi tano za viatu
na nusu ya deni la daktari.

Niliyeyusha kipande cha bomba la risasi,
nikamimina, nikangoja, nikafungua.
Gololi ikadondoka juu ya taulo, bado ina hasira.
Corrine, mjukuu wangu, akaipima kwa kipimo cha karakana:
hamsini na moja, na kidogo.
Hakuna anayetengeneza mtutu wa namba hiyo.

Nikampigia Hostetter. Akanyamaza, kisha:
"Hebu mulika ndani ya kinywa chake."
Nikamulika. Mikwaruzo ya tupa,
mifupi, ya mkono usio na haraka.
"Zamani," akasema, "kutu ikila mtutu,
fundi aliukereza, akachonga mifuo upya,
tundu likazidi unywele.
Mwenye bunduki naye akaipanua kalibu, iifuate.
Ya babako huenda ilianza arobaini na tano.
Hiyo hamsini na moja si kaliba, bwana.
Ni umri."

Baba hakuwa mtu wa maneno.
Alituambia: ukikosa, ulikuwa mbali.
Ukipata, ulikuwa mbali vilevile,
ila kulungu ndiye aliyekosa bahati.

Arobaini na tano hula baruti kidogo,
hupiga teke kama mtoto usingizini.
Haina nguvu za kurusha rusha.
Inakudai usogee:
hatua thelathini, upepo usoni, theluji magotini,
hadi uzione kope za mnyama
na upate nafasi ya kughairi.

Burdette atacheka.
Dubu yeyote atacheka.

Watu husema "mtu wa kaliba yake"
wakimaanisha ukubwa.
Yangu nimeipima asubuhi hii nyuma ya ghala:
ni umbali ninaoweza kunyemelea
kabla kikohozi hakijanisaliti.

Nimeandika 45. Kwa wino.

Kutu itakuja; haijawahi kupotea njia ya nyumba hii.
Corrine ataupeleka mtutu kwa fundi, au mwanawe,
unywele kwa unywele.
Kalibu nimeirudisha koponi
pamoja na ile gololi moja.
Wakifika hapo, itawaenea.